Neema Tuligawana, Kiangazi Nikamwachia Peke Yake

Mimi ndiye niliyekosa. Natanguliza hilo mapema, msomaji mwenzangu, usije ukanionea huruma katikati ya maneno ukasahau ni nani aliyemdhulumu mwenzake.

Jina langu sitalitaja. Marehemu nitamwita Parsaloi, ingawa silo jina lake. Mimi ni mtu wa magharibi. Nilisoma hadi darasa la saba, karo ya kuendelea ikakosekana, na katika miaka ya tisini nikafika Kitengela kutafuta kazi. Niliipata kiwandani, kazi ya kupakia magunia. Kitengela ya siku hizo haikuwa hii mnayoijua. Ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga, na ukienda kazini asubuhi uliweza kupishana na pundamilia.

Mimi na mke wangu tulipanga chumba kimoja. Parsaloi alikuwa akipita kwenye ploti yetu akiuza maziwa, mitungi juu ya punda. Mke wangu alipojifungua binti yetu wa kwanza aliugua, na maziwa yake yakakatika. Parsaloi alisikia mtoto akilia, akauliza kuna nini. Tangu siku hiyo akawa anatuachia kikombe kila asubuhi. Nikitoa pesa, anacheka.

"Huyo hanunui," alisema. "Huyo anakunywa tu."

Mtoto alipoanza kutembea, Parsaloi alikuja na kamba mkononi, na mwisho wa kamba palikuwa na ndama jike mweusi.

"Hii ni ya msichana," akasema. "Mtu hana ng'ombe hata moja, huyo ni mtu namna gani?"

Kwa Wamaasai, mtu akikupa ndama jike kwa urafiki, majina yenu ya kawaida mnayaweka kando. Yeye anakuita Paashe, nawe unamwita Paashe, kwa sababu ya ndama yule aliyepita kati yenu. Mnaitana hivyo mpaka mmoja azikwe. Na mtu na Paashe wake hawashtakiani. Hilo la mwisho nililijua. Mtu asije akanitetea kwamba nilikuwa mgeni wa mila.

"Paashe! Supa?" alikuwa akinisalimu kwa sauti akiwa bado langoni.

"Ipa, Paashe!"

Majirani wakadhani ndilo jina nililobatizwa.

Bila shaka ndama hawezi kulala kwenye chumba cha kupanga. Alibaki bomani kwa Parsaloi, nje ya mji, kwenye tambarare za kuelekea Kajiado. Nilipoona jinsi alivyonenepa nikaingiwa na hamu. Nikachukua mkopo wa ushirika kiwandani, nikaongeza mitamba wawili wa kununua. Siku niliyowapeleka tuliketi nje ya nyumba yake, mkewe Nasieku akatuletea chai, na hapo ndipo tukapatana.

"Maziwa yangu, ndama yako," akasema Parsaloi.

"Sawa, Paashe."

Basi! Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu yote. Hatukusema dawa ya kupe itanunuliwa na nani. Hatukusema ni nani atakayeamka alfajiri kuwapeleka kwenye maji. Hatukusema wakifa itakuwaje. Dawa aliinunua yeye. Alfajiri aliamka yeye. Mimi nilikuwa nafika Jumapili moja moja, nimevaa viatu vya kanisani, nahesabu migongo na kurudi nyumbani.

Miaka ile mvua ilinyesha vizuri. Mitamba wakazaa. Nikauza madume, nikalipa mkopo, na kilichobaki nikaweka malipo ya kwanza ya kiploti hapo Kitengela. Nilijiona mwerevu! Niliwaambia wenzangu kazini kuwa nimepata benki yenye mkia.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mvua ikakosa. Tukasema itakuja ile nyingine. Nayo ikakosa.

Siku moja askari wa lango akaniita, eti kuna Mmasai ananiulizia. Nikatoka. Parsaloi alikuwa amesimama juani, shuka yake imeota vumbi, midomo imepasuka. Hakunisalimu kwa kelele kama kawaida.

"Paashe, nyasi imekwisha," akasema. "Nataka nihamishe ng'ombe kabla hazijashindwa kutembea. Lakini zako mbili zimedhoofika. Niuze hizo sasa, bado ziko na bei. Pesa tununue majani na pumba, tuokoe zile zingine."

"Uuze ng'ombe yangu?" nikamwuliza.

"Tuuze. Na zangu pia nauza."

"Hapana. Mvua itakuja."

Akatazama chini. Akasema tena, kwa upole, "Basi nisaidie na kitu kidogo cha pumba. Au kuja hata Jumapili moja tu. Asubuhi hawasimami wenyewe. Tunawainua, mimi na Nasieku. Mmoja anashika mkia, mwingine anaweka bega chini ya kifua. Mgongo wangu umekwisha, Paashe."

Nilikuwa na pesa, ndugu yangu! Mshahara ulikuwa umetoka wiki ileile. Nilikuwa nimepanga kuchimba msingi wa nyumba. Na nitakwambia neno nililomjibu, kwa sababu tangu azikwe silali vizuri kwa ajili yake.

"Paashe, si tulipatana? Maziwa yako, ndama zangu. Kazi ya kuchunga ni yako. Ndiyo unalipwa maziwa."

Maziwa! Ng'ombe wasioweza kusimama, nami namwambia habari ya maziwa.

Parsaloi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekumbushwa jambo. "Ni kweli tulisema hivyo," akajibu. Akavuta shuka begani akaenda zake.

Usiku nilimweleza mke wangu. Yeye ni mtu wa maneno machache. Alikuwa akimkunjia mtoto nguo, akaacha.

"Baba Rose, huyu msichana aliponywa na kikombe cha nani?"

Nikamwambia aache kuchanganya mambo ya nyumba na mambo ya mali.

Parsaloi akahama na mifugo, akienda upande wa Oltepesi na kuteremka kufuata majani. Miezi ikapita bila habari. Kila nikitoka kazini nilikuta mizoga kando ya barabara, na harufu ambayo hata kufunga dirisha hakukuizuia. Bado mimi nilikuwa nahesabu ng'ombe wangu kichwani kana kwamba kiangazi kina macho, kitawaruka wa mfanyakazi wa kiwanda.

Mvua iliporudi, naye akarudi. Nilisikia kwa watu kuwa boma lake lina ng'ombe. Nikaenda mbio Jumapili hiyohiyo. Nikakuta saba, wembamba lakini wazima, na nikawatazama mmoja mmoja. Hakuna wangu hata mmoja.

Parsaloi alikuwa amekonda hadi pete za masikio zilionekana nzito kwake. Akaingia ndani, akatoka na mzigo uliofungwa kwa kamba, akauweka miguuni pangu. Ngozi. Alikuwa amezikausha na kuzikunja vizuri. Ya juu kabisa ilikuwa nyeusi, ya yule ndama wa kwanza.

"Ni zako zote," akasema. "Moja haijapungua."

"Na hawa je?" nikauliza, nikiwaonyesha wale saba.

"Hawa nimepewa. Zangu zilikwisha zote. Watu wa ukoo wametoa, kila mtu na nguvu yake, nianze tena."

Aliniambia! Sikiliza hapo vizuri. Hakuficha. Wamaasai wana mila hiyo, mtu akifilisika kwa ukame au ugonjwa, ukoo unamchangia. Mwenye ng'ombe wengi anatoa mtamba, mwenye wachache anatoa ndama, asiye na ng'ombe anatoa mbuzi. Nilikuwa nimeisikia. Lakini siku hiyo sikutaka kuisikia. Nilikuwa nimejazwa maneno kazini.

"Umeliwa, jamaa!" mmoja alikuwa ameniambia wakati wa chai. "Ng'ombe ya Mmasai haikufangi. Inakufanga ya Mluhya tu!"

"Kifo kinajua kusoma alama ya sikio," mwingine akadakia, wakacheka mpaka chai ikamwagika. Nami nikacheka nao, na kile kicheko kikaniota moyoni kama mwiba wa mgunga.

Nikaziacha ngozi pale chini. Wiki iliyofuata nikaenda kwa chifu.

Ndiyo. Nilimshtaki Paashe wangu.

Chifu alituketisha kwenye benchi moja, kwa kuwa ofisi ilikuwa ndogo, bega kwa bega kama watu wanaosubiri dawa.

"Mlipatana nini?" chifu akauliza.

"Maziwa yake, ndama zangu," nikasema.

"Na zikikufa?"

Nikaangalia ukuta.

"Sasa, wewe mzee," chifu akanigeukia, "hasara ya mvua utaidai kwa mtu? Wakati wa kulisha ulitoa nini?"

Nikafungua mdomo, na kabla sijajibu Parsaloi akasimama.

"Chifu, wacha," akasema. "Huyu ni Paashe wangu. Siwezi kukaa hapa watu wakisikia tukivutana. Nitampa moja."

"Hujalazimishwa, Parsaloi."

"Najua. Nitampa."

Angeweza kunivua nguo pale. Angesema habari ya lango la kiwanda, habari ya pumba, habari ya mgongo wake. Hakusema hata moja. Na mimi, badala ya kuona aibu, nikaona nimeshinda!

Nilikwenda kuchagua mwenyewe. Nikachagua mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa na maziwa. Watoto wa Nasieku walisimama mlangoni na vibuyu vyao wakinitazama nikifunga kamba. Nasieku hakutoka. Parsaloi alinisindikiza hadi njiani, akampapasa yule ng'ombe shingoni, akaniambia, "Huyu anapenda kukamuliwa upande wa kulia kwanza." Ndivyo alivyoniaga.

Nilimweka kwenye ploti yangu, kwenye kibanda cha mabati. Alizaa, akazaa tena. Mke wangu alikataa kumkamua. Nikaajiri mtu.

Parsaloi hakuweza kuishi kwa waliobaki, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anakamuliwa. Akaenda kutafuta kibarua kwenye machimbo ya mawe. Mimi nilijuaje? Nilijua siku nilipokwenda na lori kununua mawe ya nyumba yangu. Watu walikuwa wanapakia, weupe kwa vumbi kutoka kichwani hadi miguuni, sura zote moja. Mmoja akaweka jiwe chini, akajinyoosha akishika kiuno.

"Paashe!" akaniita.

Sikumtambua hadi alipocheka. Mwanamume aliyewahi kuitwa wa ng'ombe, ameshika jiwe!

"Mawe haya ni ya nyumba ya nani?" akauliza.

"Yangu."

"Nyumba ya mawe!" Akawageukia wenzake. "Mnaona huyu? Ni Paashe wangu. Chagueni mawe yaliyonyooka, msimpakilie takataka."

Wakachagua. Yeye mwenyewe alipakia mengi kuliko wote, huku akikohoa. Nilitaka kumpa kitu cha chai, akanifumba kiganja na pesa ndani yake.

Nilipanda lori nikajifanya ninatazama barabara. Mpaka leo nalala ndani ya kuta alizozipakia.

Kile kikohozi hakikuisha. Alikaa miaka kadhaa akifanya kazi na kupumzika, kufanya kazi na kupumzika. Niliambiwa amelazwa Kajiado. Nikasema nitakwenda mwisho wa mwezi. Unajua mtu anaposema mwisho wa mwezi anamaanisha nini. Nilikuwa naogopa uso wake, basi. Habari iliyonifikia baadaye ilikuwa ya mazishi. Daktari alisema ni kifua. Kama ni vumbi, kama ni kile kiangazi, kama ni mimi, hakuna aliyeandika.

Nilikwenda kumzika. Nilisimama nyuma kabisa na kofia mkononi. Baada ya maombi watu wakaketi kula, na mzee mmoja akaja akaketi karibu nami. Alikuwa baba mdogo wa marehemu, kutoka Oltepesi. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia tulikuwa marafiki.

"Ndiye wewe wa kiwanda?"

"Ndiyo, mzee."

Akala kidogo. Akasema bila hasira, kama anayeuliza habari za mvua, "Ile nyekundu yenye baka hapa kwa uso, bado iko?"

Nikarudisha tonge sahanini.

"Iko, mzee."

"Nilitoa mimi. Nilikuwa nimebaki na mbili baada ya ukame. Nikampa moja yenye maziwa, kwa sababu alikuwa na watoto wadogo." Akapangusa vidole. "Basi vizuri kama iko."

Msomaji mwenzangu, ningependa angenitukana!

Mzee aliyebaki na ng'ombe wawili alitoa mmoja. Mimi niliyekuwa na mshahara sikutoa hata debe la pumba. Kila mtu kwenye ukoo ule alibeba kipande chake cha kiangazi kwa kadiri ya mabega yake. Mimi tu, niliyekula ndama wa miaka ya mvua, ndiye niliyekataa kubeba, kisha nikaja kuchukua kwenye mchango wa maskini.

Nilimtafuta Nasieku nyuma ya nyumba. Nilimwambia naomba msamaha. Alinisikiliza akiwa amesimama. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua.

"Kule tulikohamia, ng'ombe zetu zilianza kufa kabla ya zako. Kila moja ikikufa, yeye anauza ngozi, ananunua pumba, analisha zote. Hakuchagua, hii yake hii yako. Zako nazo zikakufa. Nikamwambia, uza ngozi tununulie watoto unga. Akakataa. Akasema ngozi ni ya Paashe, mpaka aone mwenyewe."

Na mimi nilikuwa nimeziacha chini, kwenye mavumbi, bila kuinama.

Nikamwambia nitarudisha. Jumamosi iliyofuata nilimpeleka yule mwekundu, amezeeka sasa, pamoja na binti zake na mjukuu mmoja, wote waliokuwa kwenye kibanda. Madume nilikuwa nimeshauza. Nilishawageuza mabati na karo ya Rose. Nilimwambia Nasieku hayo pia, kwamba sehemu nyingine siwezi kuileta kwa kuwa nimeshaila.

Aliwatazama ng'ombe, akawahesabu kwa macho. Akamtenga mtamba mmoja mwekundu, akanirudishia kamba yake.

"Huyu ni wako," akasema.

"Wa nini, mama? Mimi sikutoa kitu."

"Umewalisha miaka hii. Umewanunulia dawa. Aliyelisha hawezi kuondoka mkono mtupu." Akawageukia ng'ombe. "Yeye angekupa."

Ndipo nilipolia. Nililia mbele ya watoto wake, wakubwa sasa, wale wa vibuyu. Mwanamke niliyechukua maziwa ya wanawe ananikatia fungu langu kwa haki, hajanipunja, hajanizidishia. Mtamba yule nilimpeleka Oltepesi, kwa yule mzee. Alimpokea, akasema ashe, asante ya kwao, akaniuliza kama nimekula.

Ninyi mnaopatana na watu, mkaweka ng'ombe kwa jirani, mkanunua shamba na ndugu, mkafungua duka na rafiki, nawaomba. Msipatane habari ya maziwa na ndama peke yake. Keti na mwenzako siku ile ya chai, mkiwa bado mnacheka, umwulize: mvua ikikosa, mimi nibebe nini na wewe ubebe nini? Na kama mlisahau kuulizana, basi siku atakapokuja langoni na shuka ya vumbi, usimkumbushe makubaliano. Toa. Na jasho lake lihesabu. Yule anayeweka bega chini ya ng'ombe alfajiri ameweka mali, hata kama hakuweka shilingi.

Nasieku ananipokea nikienda. Ananipa chai. Huniita Baba Rose, kwa heshima kabisa, kama wanavyoniita watu wote pale Kitengela. Juzi nilikuwa sokoni siku ya mnada, na nyuma yangu kijana mmoja akapaza sauti, "Paashe!"

Niligeuka haraka, mdomo umeshafunguka kuitikia. Alikuwa akimwita mtu mwingine.